Ernst May: Msanifu aliyesaka nyumba bora ya bei nafuu kutoka Frankfurt hadi Nairobi

MWAKA wa 1937, Mjerumani mmoja wa umri wa makamo alifungua afisi ya usanifu majengo jijini Nairobi. Wachache miongoni mwa walowezi aliotarajia wawe wateja wake walifahamu kwamba mtu huyo, Ernst May, alikuwa tayari amesimamia ujenzi wa takriban nyumba 12,000 za watu wa kawaida katika jiji la Frankfurt, na kushiriki kupanga miji mipya ya viwanda katika Muungano wa Kisovieti.

May aliishi na kufanya kazi Afrika Mashariki kwa karibu miaka 20. Alichora majengo Nairobi, Mombasa, Kisumu, Moshi na Kampala kabla ya kurejea kwao kusaidia kujenga upya miji iliyobomolewa na vita.

Swali lililomwongoza maishani lilikuwa moja: je, nyumba yaweza kuwa ya bei nafuu pasipo kumdunisha anayeishi ndani yake? Majibu aliyoyatoa Ujerumani yalimjengea jina. Yale aliyoyatoa Afrika Mashariki, chini ya utawala wa kikoloni, yangali yanazua mjadala miongoni mwa wanahistoria hadi leo.

Chimbuko lake

Ernst May alizaliwa Frankfurt mnamo Julai 27, 1886, katika familia ya mwenye kiwanda cha bidhaa za ngozi. Alisomea London kwa muda kuanzia mwaka wa 1907, kisha akaendelea na masomo ya usanifu Darmstadt na Munich.

Funzo lililomwathiri zaidi alilipata Uingereza. Mnamo 1910 alijiunga na afisi ya Raymond Unwin, mpangaji miji aliyekuwa akijenga kitongoji cha Hampstead viungani mwa London. Unwin alikuwa mfuasi wa wazo la miji ya bustani, yaani makao ya wafanyakazi yenye hewa safi, miti na kipande cha ardhi kwa kila familia, mbali na moshi wa viwanda.

Wazo hilo halikumtoka May akilini. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, kuanzia 1919 hadi 1925, aliongoza shirika la makao mkoani Silesia, lililokuwa na makao makuu Breslau, mji ambao leo uko Poland na unaitwa Wrocław. Shirika hilo liliwajengea nyumba ndogo wafanyakazi, wakulima na wakimbizi.

Fedha zilikuwa adimu na thamani ya sarafu ya Ujerumani ilikuwa ikiporomoka. Ni hapo May alipoanza kuchora aina chache tu za nyumba zenye vipimo sanifu, ili mwashi na seremala wajue mapema ukubwa wa kila mlango na kila dirisha. Pia alipendekeza kwamba mji unaopanuka usitapakae ovyo kama mafuta juu ya maji, bali ujengewe vitongoji vinavyojitegemea, vikitenganishwa na mashamba na bustani.

Miaka mitano ya Frankfurt

Nafasi ya kuyatekeleza hayo kwa upana ilimjia mwaka wa 1925, Meya Ludwig Landmann alipomwita nyumbani kusimamia ujenzi katika jiji la Frankfurt. Kama ilivyokuwa katika miji mingine ya Ujerumani, maelfu ya familia hazikuwa na makao. Nyingine zilirundikana katika vyumba vyenye giza na unyevunyevu ambamo kifua kikuu kilienea kwa urahisi.

May hakutegemea kipaji chake pekee. Mambo matatu yalimwezesha kufaulu.

La kwanza ni sheria. Katiba ya Ujerumani ya 1919, katika kifungu cha 155, iliiagiza serikali kuhakikisha kwamba kila raia anapata makao yenye afya.

La pili ni fedha. Mfumuko mkubwa wa bei wa mwaka wa 1923 ulikuwa umefuta madeni ya wenye nyumba za zamani, nao wakajikuta na mali isiyodaiwa. Kuanzia mwaka wa 1924 serikali iliwatoza ushuru maalumu, na sehemu ya mapato yake ikatolewa kuwa mikopo nafuu ya kujenga nyumba mpya.

La tatu ni ardhi na mamlaka. Jiji la Frankfurt lilimiliki ardhi nyingi na lilikuwa na uwezo wa kisheria wa kupata nyingine. May naye alikabidhiwa upangaji wa jiji pamoja na ujenzi wa nyumba, kwa hivyo mipango haikukwama kati ya idara moja na nyingine.

Matokeo yalionekana upesi. Katika mtaa wa Bruchfeldstrasse, uliojengwa 1926 na 1927, nyumba zilipangwa kwa mkato wa kupinda ili kila sebule ipate jua, na wenyeji wakaubandika mtaa huo jina la utani la mji wa zigizaga. Katika bonde la mto Nidda, kaskazini magharibi mwa jiji, ilifuata mitaa ya Praunheim, Römerstadt na Westhausen.

Römerstadt, wenye nyumba zaidi ya 1,100, ndio uliosifiwa zaidi. Barabara zake zinafuata mwinamo wa bonde, nyumba za safu zina paa bapa na bustani nyuma, na chini yake kuna vishamba ambavyo wakazi walipanda mboga na matunda. Nyumba zote zilitumia umeme, jambo lililokuwa geni kabisa kwa makao ya aina hiyo wakati huo.

Praunheim ulikuwa uwanja wa majaribio ya kiufundi. Badala ya kujenga kuta zote kwa matofali, baadhi ya nyumba ziliundwa kwa vibao vikubwa vya saruji nyepesi, iliyochanganywa na mawe mepesi ya volkeno. Vibao hivyo vilitengenezwa kiwandani, vikapelekwa kwenye ploti na kuinuliwa kwa kreni.

May pia alihariri jarida lililoitwa Das Neue Frankfurt, yaani Frankfurt Mpya, lililowaelezea wananchi na wasanifu wa nchi nyingine yaliyokuwa yakifanyika. Ndani yake mliorodheshwa samani, taa na vitasa vya bei ya wastani vilivyotosha katika nyumba hizo ndogo.

Jikoni mwa Frankfurt

Kitu kilichosafiri mbali zaidi kutoka mradi huo si nyumba nzima, bali jikoni yake. Iliundwa mwaka wa 1926 na Margarete Schütte-Lihotzky, msanifu mwanamke kutoka Austria ambaye May alimwajiri katika idara yake.

Schütte-Lihotzky alichunguza hatua ambazo mpishi hupiga kutoka mekoni hadi kwenye sinki, na kutoka kwenye sinki hadi mezani. Alijifunza pia kutokana na jikoni finyu za mabehewa ya mikahawa katika treni. Akapata chumba chenye upana usiofika mita mbili na urefu wa karibu mita tatu na nusu, ambamo kila kitu kilikuwa karibu na mkono.

Kulikuwa na ubao wa kupigia pasi uliokunjwa ukutani, kichanja cha kukaushia sahani, na safu ya vikasha vya alumini vya kutilia mchele, sukari na nafaka. Unga uliwekwa katika droo za mti wa mwaloni, kwa kuwa mti huo uliaminika kufukuza wadudu. Karibu jikoni 10,000 za namna hiyo zilitiwa katika nyumba za Frankfurt, na nyingi ya jikoni za kisasa zenye makabati ya ukutani zina nasaba nayo.

Hata hivyo, si wote walioifurahia. Baadhi ya wanawake walilalamika kwamba chumba hicho hakikutosha watu wawili, na kwamba mama alitengwa na watoto waliocheza sebuleni. Nyumba ilikuwa imepimwa kwa sentimita, lakini mazoea ya familia hayakuwa na kipimo hicho.

Nafuu kwa nani?

Tatizo kubwa zaidi lilikuwa kodi. Licha ya vipimo sanifu na vibao vya kiwandani, gharama za ujenzi na riba ya mikopo zilizidi kupanda. Nyumba za Römerstadt, zenye bustani na umeme, ziliishia mikononi mwa makarani, walimu na mafundi wenye ajira ya kudumu. Vibarua na walalahoi wa jiji, ambao taabu yao ndiyo iliyotajwa kila mradi ulipoombewa fedha, hawakuweza kuzilipia.

May alilitambua hilo. Mnamo Oktoba 1929, wasanifu wa kisasa kutoka mataifa mbalimbali walikutana Frankfurt kwa kongamano lililokuwa na mada moja: makao ya kiwango cha chini kabisa ambacho binadamu anaweza kuishi kwa heshima. Hoja ya May ilikuwa kwamba ni heri kujenga nyumba ndogo nyingi kuliko kubwa chache, almuradi kila moja ipate jua, hewa, maji na choo chake.

Mtaa wa Westhausen, ulioanza kujengwa mwaka huo, ulifuata msimamo huo. Nyumba zake zilipungua ukubwa na zikapangwa kwa safu zilizonyooka, moja nyuma ya nyingine. Madaha ya Römerstadt hayakuwepo tena.

Kwa bahati mbaya, siku hizo hizo za kongamano ndizo soko la hisa la New York lilipoporomoka. Mikopo ya Marekani iliyokuwa ikiitegemeza Ujerumani ilikatika, fedha za nyumba zikakauka, na mradi wa Frankfurt ukadorora.

Kwenye baridi ya Urusi

Mwaka wa 1930 May alikubali mwaliko wa serikali ya Kisovieti. Aliondoka na kundi la wataalamu wapatao 17, akiwemo Schütte-Lihotzky na Mholanzi Mart Stam, kwenda kupanga miji ya viwanda vya chuma na makaa ya mawe. Mmojawapo ulikuwa Magnitogorsk, kwenye milima ya Ural.

Kazi ilikuwa kubwa kupita kiasi. Walipofika Magnitogorsk, ujenzi wa kiwanda ulikuwa umekwisha kuanza na wafanyakazi walikuwa wakiishi katika mahema na mabanda ya mbao. Saruji, chuma na vioo vilipelekwa kiwandani kwanza, na nyumba zikangoja. Michoro ilibadilishwa kila mara kwa amri kutoka juu.

Mkataba wa May ulipomalizika 1933, hakuwa na nyumbani pa kurudi. Adolf Hitler alikuwa ametwaa uongozi Januari mwaka huo. May alikuwa na asili ya Kiyahudi, na majengo yake yalikuwa yamelaaniwa na Wanazi kuwa ya Kikomunisti. Akaamua kuelekea Afrika.

Kutoka shambani Arusha hadi Nairobi

May na familia yake walihamia Tanganyika, koloni la zamani la Ujerumani lililokuwa sasa chini ya Uingereza, wakanunua shamba la kahawa karibu na Arusha. Kwa miaka michache msanifu huyo mashuhuri alikuwa mkulima.

Lakini mtu huwa haachi asili. Mwaka wa 1937 aliuza shamba na kuanza tena kazi ya usanifu Nairobi, ambako alijijengea nyumba mtaani Karen. Miongoni mwa kazi zake za mwanzo ni jengo la biashara la Kenwood House, katikati ya jiji. Baadaye alichora pia nyumba za kupangisha za Delamere Flats.

Vita Vikuu vya Pili vilimkatiza. Ingawa alikuwa amewakimbia Wanazi, kwa Waingereza alibaki kuwa raia wa nchi adui. Alikamatwa na kuzuiliwa Afrika Kusini hadi 1942, alipoachiliwa na kurudi Nairobi.

Nairobi aliyorejea ilikuwa imegawanywa kwa misingi ya rangi. Wazungu waliishi magharibi na kaskazini mwa jiji, Wahindi wakawa na sehemu yao, nao Waafrika wakasukumwa mashariki. Mwanamume Mwafrika alilazimika kubeba kipande, na serikali ilimchukulia kuwa kibarua wa kupita tu ambaye nyumbani kwake ni mashambani.

Kwa sababu hiyo, makao mengi aliyojengewa yalikuwa ya kulala na wala si ya kuishi. Wanaume kadhaa waligawana chumba kimoja na kutumia choo cha pamoja, na hapakuwa na nafasi ya mke wala watoto. Mkondo huo ulianza kubadilika polepole katika miaka ya 1940, mitaa kama Kaloleni ilipojengwa kwa ajili ya familia. May hakuwa msanifu wa mitaa hiyo, lakini mjadala ulioizaa ndio uliompa kazi yake kubwa zaidi katika kanda hii.

Mpango wa Kampala

Mwaka wa 1945 serikali ya kikoloni ya Uganda ilimwajiri May aandae mpango wa kuipanua Kampala upande wa mashariki, kwenye vilima vya Kololo na Naguru. Ripoti yake ilichapishwa 1947.

Alama za Frankfurt zinaonekana humo waziwazi. Vilima vilitengewa makao, mabonde yakaachwa yawe bustani na njia za hewa. Barabara zilifuata mwinamo wa ardhi. Kila kitongoji kilipangiwa shule, maduka na mahali pa watu kukutania.

Jambo moja lilikuwa jipya kwa wakati wake. Mpango wa awali wa Kampala, wa mwaka wa 1930, haukuwahesabu Waafrika kama wakazi wa mji. May aliwahesabu. Alisema kwamba wafanyakazi wangeendelea kumiminika mjini, wangekaa na familia zao, na kwamba ni wajibu wa serikali kuwapangia makao ya kudumu.

Lakini aliwahesabu kwa namna ya kikoloni. Ramani yake ilitenga maeneo ya Wazungu, Wahindi na Waafrika, na bustani zilizokuwa pambo kule Frankfurt ziligeuka kuwa mipaka kati ya rangi na rangi. Naguru ndiko Waafrika walikotengewa makao.

Aina za nyumba nazo zilipangwa kwa ngazi, kutoka chumba cha kibarua asiye na familia hadi nyumba ya aliyeajiriwa kazi ya ujuzi. May aliamini kwamba Mwafrika angepaswa kuelekezwa hatua kwa hatua kuelekea maisha ya Kizungu, na kwamba nyumba ingekuwa mwalimu wake. Fikra hiyo ilikuwa ya kawaida miongoni mwa watawala wa wakati huo, hata wale waliojiona kuwa wapenda maendeleo.

Katika kipindi hicho hicho alibuni mfumo wa nyumba za kuunganishwa kwa vipande. Mbavu za saruji zilizopinda zilisimamishwa, kisha vibao vya saruji vikaangikwa juu yake mithili ya vigae. Nyumba iliyopatikana ilikuwa na umbo la mviringo lililokumbusha nyumba za kienyeji za nyasi, na ilikusudiwa kujengwa haraka na kwa gharama ndogo.

Mfumo huo haukuenea. Vibao vya kiwandani vilipunguza gharama Frankfurt kwa sababu mishahara ya waashi ilikuwa juu. Afrika Mashariki mambo yalikuwa kinyume: ujira ulikuwa duni mno, huku saruji na chuma vikiwa ghali. Zana iliyopunguza gharama kule haikuwa na cha kupunguza huku.

Mpango wa Kampala wenyewe ulitekelezwa kwa sehemu tu. Kololo ikawa mtaa wa wenye uwezo. Mitaa ya wafanyakazi Waafrika ilijengwa Naguru na Nakawa, na watu wakaishi humo kwa vizazi. Mwaka wa 2011 wakazi wa mitaa hiyo walifurushwa na nyumba zao zikabomolewa ili kupisha mradi wa mji mpya.

Mombasa, Kisumu na Moshi

Baada ya vita, afisi ya May ilipata kazi chungu nzima. Kisumu, alichora shule ya wasichana na hospitali ya kujifungulia akina mama kwa ajili ya jamii ya Aga Khan. Moshi, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, KNCU, kilimpa kazi ya kusanifu makao yake. Huko mteja hakuwa serikali wala mlowezi, bali Waafrika waliokuwa na fedha zao na mahitaji yao, na ndio walioamua jengo liwe na nini.

Mombasa, alisanifu hoteli ya kifahari ya Oceanic. Katika kisiwa hicho hicho, mwanzoni mwa miaka ya 1950, alichora makao ya Waafrika katika eneo la Port Tudor.

Makao hayo yana historia ya uchungu nyuma yake. Mnamo Januari 1947, maelfu ya wafanyakazi wa Mombasa, kuanzia bandarini hadi relini, waligoma kwa siku kadhaa. Miongoni mwa malalamishi yao ni mishahara duni na kupanda kwa gharama ya maisha, kodi ya nyumba ikiwemo. Baada ya misukosuko hiyo, serikali haikuweza tena kudai kwamba suala la makao ya Waafrika lingengoja.

Katika majengo yake ya Afrika Mashariki, May alijifunza kulitii jua. Majengo yalielekezwa kaskazini na kusini ili kuta ndefu zisichomwe asubuhi na jioni. Paa zilitokeza nje, na madirisha yakapangwa kuelekeana ili upepo upite. Msanifu aliyeupa mtaa wa Bruchfeldstrasse umbo la zigizaga ili jua liingie sebuleni, huku alitumia maarifa yale yale kulizuia.

Kurejea Ujerumani

Hali ya hatari ilitangazwa Kenya mnamo Oktoba 1952. Mwishoni mwa 1953 May, akiwa na umri wa miaka 67, alifunga safari ya kurudi Ujerumani.

Nchi aliyoikuta ilikuwa na upungufu wa mamilioni ya nyumba kufuatia mabomu ya vita na mmiminiko wa wakimbizi kutoka mashariki. May aliajiriwa kuongoza idara ya mipango ya Neue Heimat, kampuni kubwa ya nyumba iliyomilikiwa na vyama vya wafanyakazi, yenye makao yake Hamburg. Alishughulikia ujenzi mpya wa eneo la Altona katika jiji hilo, kisha akaendelea kama mpangaji wa kujitegemea.

Kazi kubwa kuliko zote za kipindi hicho ni Neue Vahr, mjini Bremen, aliyoipanga pamoja na wasanifu wengine. Ilijengwa kati ya 1957 na 1962, ikiwa na nyumba karibu 10,000 za watu wapatao 30,000. Katikati yake liliinuka jengo la orofa 22 lililosanifiwa na Mfini Alvar Aalto.

Idadi hiyo inakaribia nyumba zote alizojenga Frankfurt kwa miaka mitano. Kwa familia zilizokuwa zikiishi katika mabanda ya muda, kupata bafu, maji ya moto na kibaraza lilikuwa jambo la kusherehekea. Lakini kadiri miaka ilivyosonga, mitaa mikubwa ya aina hiyo ilianza kulaumiwa kwamba ilifanana mno, na kwamba wakazi walikosa mahali pa kufanyia kazi na kustarehe karibu na nyumbani.

Ernst May alifariki Hamburg mnamo Septemba 11, 1970, akiwa na umri wa miaka 84.

Urithi wake

Mitaa ya bonde la Nidda ingali inakaliwa. Mwaka wa 2003 wapenzi wa kazi yake waliunda chama cha kuihifadhi, na nyumba moja ya Römerstadt imerudishwa katika hali yake ya awali, jikoni na bustani zikiwemo, ili wageni waione. Mwaka wa 2011 jumba la makumbusho ya usanifu la Frankfurt liliandaa maonyesho makubwa kuhusu maisha yake, ikiwemo miaka yake ya Afrika.

Kwa Kenya, safari ya May ina uzito wa kipekee. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 43, inatambua haki ya kila mtu kupata makao yanayofaa, sawa na ilivyofanya katiba ya Ujerumani ya 1919. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 nayo iliweka ada ya asilimia 1.5 ya mshahara, huku mwajiri akitoa kiasi sawa na hicho. Ipo tofauti moja ya kutiliwa maanani: Ujerumani ilitoza wenye nyumba zisizokuwa na deni, ilhali Kenya iliwatoza wanaopokea mshahara, wengi wao wakiwa wapangaji.

Maisha ya May yanaonyesha kwamba sheria, fedha na ardhi vikikutana na mtaalamu hodari, nyumba nyingi zinaweza kusimama kwa muda mfupi. Ila yanaonyesha pia mahali ambapo mradi hupotoka. Frankfurt ulipotoka kwenye kodi, maana aliyejengewa hakuwa na uwezo wa kulipa. Kampala ulipotoka mwanzoni kabisa, maana aliyepangiwa hakuulizwa anataka kuishi wapi, na nani, wala vipi.

Moshi pekee ndiko mambo yalikokwenda kwa mpangilio tofauti. Wakulima wa kahawa walikuja na fedha zao, wakasema walichokihitaji, naye msanifu akachora.